Namna ya Kuchunguza Kanuni ya Mazoezi ya Lazima Chuoni Inayotegemea Uzito wa Mwanafunzi

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyewekewa pendekezo mezani na kutakiwa atoe maoni yake: mjumbe wa seneti ya chuo, mhadhiri aliye katika kamati ya mitaala, kiongozi wa serikali ya wanafunzi, au mzazi aliyealikwa kikaoni. Pendekezo huja kwa sura mbalimbali, lakini kiini chake ni kwamba mwanafunzi ambaye uzito wake umevuka kiwango fulani alazimishwe kusoma somo la mazoezi, na asipolisoma asihitimu. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ajue anakopelekwa. Chuo kinaweza kuwadai wanafunzi wake wote mazoezi, na kufanya hivyo kwaweza kuwa jambo jema sana. Lakini uzito wa mtu haupaswi kusimama kati yake na shahada aliyoitolea jasho darasani. Nitaonyesha namna ya kulichunguza pendekezo la aina hiyo, kwa sababu pingamizi lililojengwa juu ya hasira peke yake huishia kwenye kumbukumbu za kikao na kanuni ikapita.

Anzia Lincoln

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Lincoln, kilichoko katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1854 kwa jina la Ashmun Institute ili kuwapa elimu ya juu vijana weusi katika nchi ambayo wakati huo bado iliruhusu utumwa, na Waafrika wengi wanakijua kwa sababu humo ndimo waliposoma Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, aliyehitimu mwaka 1930, na Kwame Nkrumah, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Ghana, aliyehitimu mwaka 1939. Kwa wanafunzi walioingia kuanzia mwaka 2006, Lincoln iliweka sharti kwamba kila mmoja apimwe uzito na urefu, na yule ambaye uwiano wake, yaani kile kipimo ambacho hospitalini huitwa BMI, ungefika 30 au zaidi, asome somo lililoitwa Fitness for Life kabla ya kuhitimu. Somo lilichukua saa tatu kwa wiki, likichanganya mazoezi ya viungo na mafundisho ya lishe na afya.

Kundi la kwanza lililohusika lilipokaribia mahafali, mwishoni mwa mwaka 2009, makumi ya wanafunzi walikuwa bado hawajapimwa au hawajalisoma somo hilo. Mwanafunzi mmoja wa kike aliandika katika gazeti la chuo kwamba hakwenda Lincoln kuambiwa kuwa uzito wake haukubaliki, bali alikwenda kusoma. Habari ikaenea nchi nzima, na mwezi Desemba mwaka huohuo wahadhiri wakapiga kura ya kuliondoa sharti. Somo likabaki kuwa la hiari.

Usiwadharau waliolitunga. Wahusika katika idara ya afya na elimu ya viungo walieleza waziwazi kwamba walikuwa wakiogopa kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, ambayo huwaandama Wamarekani weusi kuliko wenzao weupe, na hofu hiyo ina msingi. Mtu akiingia kikaoni na kuwatuhumu wahadhiri wa namna hiyo kuwa wanawachukia wanene, atakuwa amewakosea na pia atakuwa amezipoteza kura zao. Anza kwa kukubali kwamba tatizo lipo, kisha uliza kama kanuni iliyopendekezwa inawafikia kweli wale walio hatarini. Ni vema pia kukumbuka kwamba wajumbe hawaji kikaoni wakiwa na mtazamo mmoja kuhusu unene: wapo waliokulia mahali ambapo mtu aliyerudi safari huambiwa kwa furaha kwamba amenenepa, na wapo wanaouona unene kuwa dalili ya uvivu. Mitazamo yote miwili itaingia katika mjadala bila kutajwa, kwa hiyo njia ya salama ni kuurudisha mjadala kwenye namba na maneno ya kanuni yenyewe.

Fanya hesabu mbele ya wajumbe

BMI hupatikana kwa kuchukua uzito wa mtu kwa kilo na kuugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chukua mfano wa mwanafunzi mwenye urefu wa mita 1.75. Urefu huo ukizidishwa kwa wenyewe unapata 3.0625. Akiwa na kilo 92, BMI yake ni 30.04, kwa hiyo chini ya kanuni kama ya Lincoln analazimika kusoma somo hilo. Mwenzake mwenye urefu uleule na kilo 91 anapata 29.71, naye haulizwi chochote. Tofauti kati yao ni kilo moja, na kilo moja ni lita moja ya maji. Mwanafunzi aliyefika kwenye mizani baada ya kunywa chai, kula mandazi na kumaliza chupa kubwa ya maji anaweza kupangiwa somo la semesta nzima, ilhali aliyeamka na kwenda kupimwa bila kula akaachiliwa.

Sasa rudi kwenye urefu. Yule mwenye kilo 91 akipimwa na muuguzi mwenye haraka, aliyesoma mita 1.74 badala ya 1.75, BMI yake inakuwa 30.06 na anaingia kwenye orodha. Sentimita moja inaweza kutokana na viatu, na inaweza hata kutokana na saa ya siku, kwa kuwa uti wa mgongo hubonyea kidogo kuanzia asubuhi hadi jioni na mtu akapungua urefu. Waandikie wajumbe hesabu hizi ubaoni. Nimeona kwamba hoja ndefu juu ya haki za binadamu haiwashtui watu kama inavyowashtua namba ndogo inayoamua jambo kubwa.

Baada ya hapo onyesha watu wawili ambao kanuni inawasoma vibaya. Wa kwanza ni mrusha tufe wa timu ya chuo, mwenye urefu wa mita 1.80 na kilo 100 ambazo kwa sehemu kubwa ni misuli. BMI yake ni 30.86, na kanuni itamtuma akajifunze kufanya mazoezi. Wa pili ana mita 1.70 na kilo 60, sawa na BMI ya 20.8, halafu anavuta sigara, anakula chipsi na soda kila siku, halali vya kutosha na hajakimbia tangu amalize sekondari. Huyu kanuni inamwambia kwamba yuko salama. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pendekezo lote linapoanguka, kwa sababu madhara yake hayaishii kwa mnene anayeonewa. Yanamfikia pia mwembamba anayedanganywa.

Historia ya kipimo chenyewe inasaidia kueleza kasoro hiyo. Hesabu hii ilitungwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu na elimu ya nyota kutoka Ubelgiji, ambaye alikuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii na hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kupitia kazi ya mtafiti Mmarekani Ancel Keys na wenzake, nao pia walikuwa wakitafuta kipimo rahisi cha kutumia katika utafiti wa makundi ya watu. Hata namba 30 haikuandikwa na maumbile. Mwaka 2004 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia hatua za kiafya zifikiriwe kuanzia 23 na 27.5, kwa sababu wengi wao hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Mwaka 2023 Chama cha Madaktari cha Marekani kilikubali rasmi kwamba BMI ina mapungufu na kikawashauri madaktari waitumie pamoja na vipimo vingine. Ikiwa daktari anashauriwa asiitegemee peke yake akiwa na mgonjwa mbele yake, ofisi ya msajili wa chuo haina sababu ya kuitegemea ikiwa na faili tu.

Mjumbe mmoja huenda akasema basi tupime kiuno. Kweli mzunguko wa kiuno hueleza vizuri zaidi mafuta yaliyo tumboni, lakini kasoro kubwa inabaki palepale, kwamba chuo bado kinaupa mwili alama.

Tambua kanuni inadai nini hasa

Kila kanuni ya mazoezi inadai kimojawapo kati ya vitu vitatu: umbo la mwili, juhudi, au ujuzi. Ukishatambua pendekezo liko upande gani, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

China inatoa mfano wa kanuni iliyochanganya. Kiwango cha taifa cha afya ya mwili ya wanafunzi, kilichorekebishwa mwaka 2014, humpa mwanafunzi wa chuo alama 100 zilizogawanywa kwa vipimo mbalimbali: mbio za mita 50 zina alama 20, mbio ndefu za mita 1,000 kwa wanaume na 800 kwa wanawake zina 20, uwezo wa mapafu una 15, na BMI nayo ina 15. Mwenye BMI ya 28 au zaidi hupewa asilimia 60 ya alama hizo 15, yaani 9, kwa hiyo anapoteza alama 6 tu, na aliye mwembamba kupita kiasi hupoteza 3 sawasawa na aliyezidi uzito kidogo. Asiyefikisha alama 50 kwa jumla wakati wa kuhitimu hunyimwa cheti cha kuhitimu na kupewa hati ya kumaliza masomo. Utaratibu huu una nafuu mbili ukilinganishwa na ule wa Lincoln: unawahusu wanafunzi wote, na mnene anaweza kuzifidia alama zake uwanjani. Hata hivyo alama 15 za BMI anapewa zote mtu ambaye hakufanya lolote ila kuwa na mwili wa wastani, na sioni namna ya kulitetea hilo.

Chuo cha MIT nchini Marekani kinadai ujuzi. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kuogelea yadi 100, na asiyeweza huchukua darasa la kuogelea. Mnene, mwembamba, mrefu na mfupi wote huingia katika bwawa lilelile, na anayeshindwa hufundishwa. Huu ndio mfano ninaoupendekeza zaidi, ingawa vyuo vyetu vingi havina bwawa, kwa sababu kinachopimwa ni kitu ambacho mwalimu anaweza kukifundisha na mwanafunzi anaweza kujifunza ndani ya semesta.

Chuo Kikuu cha Oral Roberts, kilichoko Tulsa katika jimbo la Oklahoma, kilichagua juhudi. Mwaka 2016 kiliwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wavae mkononi Fitbit, yaani kifaa kinachohesabu hatua za mtu, wafikishe hatua 10,000 kwa siku, na takwimu zao ziingie katika mfumo wa alama. Kanuni hiyo haikumbagua mtu kwa uzito, na kwa hilo inastahili sifa, lakini ilizua swali jingine la nani anayeziona takwimu za mwili wa kijana wa miaka 18. Nitalirudia hapa chini.

Uliza nani ataumia na atalipa nini

Omba pendekezo lieleze kwa maandishi hali ya makundi ambayo mara nyingi husahaulika. Yuko mjamzito, ambaye BMI kwake haina maana iliyokusudiwa. Yuko anayetumia dawa za steroidi kwa ajili ya pumu kali au ugonjwa wa viungo, au dawa fulani za akili na kifafa, ambazo zinajulikana kuongeza uzito. Yuko mwenye tatizo la tezi, na msichana mwenye vifuko vingi katika ovari. Yuko pia anayepona baada ya kujinyima chakula kwa miaka, ambaye kila kilo aliyoipata ni ushindi, na kwake tangazo la kupimwa mbele ya wenzake linaweza kuurudisha ugonjwa wote. Kama jibu litakuwa kwamba hawa wataleta vyeti vya daktari ili wasamehewe, uliza kwa nini mgonjwa aanike ugonjwa wake mbele ya idara ya michezo ili apate haki ambayo mwembamba anaipata bila kuomba.

Gharama nazo ziandikwe. Mahali ambapo ada hulipwa kwa kila somo, mnene atakuwa analipia somo ambalo jirani yake halipii. Saa tatu kwa wiki zitatoka kwenye muda wake wa kazi ya kujikimu, wa maabara au wa kulala, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayomnenepesha mtu. Watafiti wa unyanyapaa wa uzito wameeleza pia kwamba mtu anayeaibishwa kwa sababu ya mwili wake huelekea kuyakwepa mazoezi, hasa yale ya hadharani. Kwa hiyo kanuni inaweza kuzaa kinyume cha lengo lake.

Halafu kuna faragha, na hapa nakusihi ukaze. Hata chuo kikiahidi kwamba vipimo vitafungiwa kabatini, darasa ambalo huingia wanene peke yao linatangaza kipimo cha kila aliyemo. Ratiba iliyobandikwa ubaoni, mahudhurio yanayozungushwa kwa kalamu, na jina la somo kwenye hati ya matokeo ambayo mwajiri ataisoma miaka kumi baadaye, vyote vinasema jambo ambalo mwanafunzi hakuruhusu lisemwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019. Zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Mwombe mwanasheria wa chuo aeleze kwa maandishi vipimo vinakusanywa kwa idhini gani, ikiwa anayekataa kupimwa hawezi kuhitimu.

Andika mbadala kabla ya kupiga kura

Usiende kikaoni ukiwa na neno “hapana” tu. Andika kifungu unachotaka kipitishwe, kwa mfano hiki:

“Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza atakamilisha somo moja la afya na mazoezi ya mwili kabla ya mwisho wa mwaka wa pili. Alama zitatolewa kwa mahudhurio, kwa mpango wa mazoezi ambao mwanafunzi ameutunga na kuufuata, na kwa mtihani wa maarifa ya afya. Uzito, BMI na mzunguko wa kiuno havitapimwa kwa ajili ya somo hili wala kuingizwa katika kumbukumbu za kitaaluma. Mwanafunzi mwenye ulemavu au maradhi atapangiwa mazoezi yanayomfaa baada ya kushauriana na kituo cha afya, bila kueleza ugonjwa wake kwa mwalimu wa somo.”

Maudhui ya somo yanaweza kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, unaowashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mpe mwanafunzi uchaguzi: mpira, netiboli, mchakamchaka wa alfajiri, kunyanyua vyuma, ngoma, au kutembea kwa kasi. Anayetaka kujua BMI, shinikizo la damu au sukari yake aende kwenye kituo cha afya cha chuo, apimwe faraghani bila malipo, na majibu yabaki kati yake na daktari.

Mbadala wako ukidai kitu kwa wanafunzi, udai pia kwa chuo. Uwanja uwashwe taa hadi usiku ili anayemaliza vipindi jioni apate nafasi. Ziwekwe saa za wanawake pekee katika ukumbi wa mazoezi, kwa kuwa wapo wengi ambao stara yao haiwaruhusu kufanya mazoezi mbele ya wanaume. Kantini iuze matunda na mboga kwa bei isiyozidi ile ya chipsi. Maji safi ya kunywa yapatikane bure, maana mahali ambapo soda iko karibu kuliko bomba, wanafunzi watakunywa soda.

Ikiwa kanuni imeshapita

Tafuta tarehe ilipopitishwa na kundi la kwanza inalolihusu, kwa sababu kanuni za aina hii hulala miaka mitatu au minne na kuamka mwaka wa mwisho, kama ilivyotokea Lincoln. Waulize wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili kama walielezwa kwa maandishi walipojiunga. Jibu lao utalihitaji utakapoandika rufaa. Omba seneti isimamishe kwanza utekelezaji kwa wote waliobakiza mwaka mmoja au chini ya hapo, kwani hao hawana semesta ya kuongeza somo bila kuchelewa mahafali. Kisha omba kura ifanyike kuhusu kifungu mbadala, ukiwa umekigawa kwa wajumbe mapema ili wakisome kabla ya siku ya kikao. Kanuni ikifutwa, somo lililosomwa chini yake liandikwe upya katika hati ya matokeo kwa jina la kawaida la somo la mazoezi, waliolilipia zaidi ya wenzao warudishiwe fedha, na kumbukumbu za uzito zifutwe, kila aliyepimwa akipewa barua ya msajili inayothibitisha kwamba zake zimefutwa.